Kurudi Kwenye Nchi ya Majini: Hadithi za Ajabu na Makamo ya Riwaya ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kuna vitabu ambavyo mtu huvisoma akiwa na umri wa miaka kumi na minne, akavipenda bila kuhoji, kisha akavificha. Huvificha si kwa sababu vimemkosea, bali kwa sababu amekua, na wakubwa wenzake wamemfunza kwamba majini, mapango ya hazina, miji iliyogeuzwa mawe na vyombo vya kurukia angani ni mambo ya watoto. Miaka ishirini au thelathini baadaye mtu huyo huyo, sasa mwenye nyumba, kazi na mvi mbili tatu, hukitoa kitabu kile kabatini, akapangusa vumbi, akaanza kukisoma upya. Wakati mwingine hufurahi. Wakati mwingine hushtuka. Mara nyingi hupatwa na yote mawili katika ukurasa mmoja.

Makala hii inakusudia kuchunguza marejeo ya namna hiyo. Hoja yake ni kwamba marejeo haya hayakuwapata wasomaji peke yao. Riwaya ya Kiswahili yenyewe, mikononi mwa baadhi ya waandishi wake wakubwa, ilizirudia hadithi za ajabu wakati waandishi hao walipofikia makamo. Swali linalozuka ni hili: je, kurudi huko ni kuikimbia jamii, kama ilivyowahi kudaiwa, au ni kukomaa? Jibu litakalotolewa ni kwamba hakuna jibu moja kwa kazi zote. Kinachohitajika ni kipimo, na kipimo hicho kitatafutwa katika kazi zenyewe.

Istilahi "hadithi za ajabu" inatumiwa hapa kwa maana pana. Inakusanya ngano, hekaya za majini, visa vya nchi zisizokuwako, na pia bunilizi za kisayansi. Mtu anaweza kupinga kwamba jini na roketi si kitu kimoja, kwa kuwa jini haliulizwi sababu ilhali roketi hudai kuwa na sababu zake. Pingamizi hilo lina haki yake. Hata hivyo, katika fasihi ya Kiswahili aina hizi mbili zimeishi nyumba moja, na msomaji kijana hakuwahi kuzitenga.

2. Chakula cha Ujanani

Yafaa kwanza kukumbuka ni vitabu gani vilivyowalea wasomaji wa Kiswahili waliopitia shule kabla ya uhuru na miaka michache baadaye. Sehemu kubwa ilikuwa tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya H. Rider Haggard ya 1885, ilitoka 1929. Safari za Gulliver ilifuata 1932. Hadithi za Alfu Lela Ulela nazo zilitolewa kwa Kiswahili sanifu katika kipindi hicho hicho, ingawa watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzijua kwa masikio muda mrefu kabla ya kuzijua kwa macho. Hivyo ndivyo mtoto wa shule alivyokuta ya baraza na ya bibi yake yakikaa rafu moja na ya Mwingereza.

Katika vitabu hivyo, Mashimo ndicho kinachomtia msomaji wa makamo katika majaribu makubwa zaidi. Kijana alikisoma kwa ajili ya safari, jangwa, milima miwili iliyo pacha, pango lenye almasi, na mlango wa jiwe unaoshuka polepole. Mtu mzima anaposoma kisa kile kile huona yaliyokuwa yamefichwa na mbio za matukio. Huona kwamba Wazungu watatu wanajiokoa kwa kujidai kuwa na uwezo juu ya nyota, ilhali wanachotegemea ni kalenda iliyotangulia kutaja kupatwa, na kwamba taifa zima la Wakukuana linaumbwa kuwa la kudanganyika ili hila hiyo ifaulu. Huona pia kwamba Foulata, msichana Mwafrika aliyempenda mmoja wa wageni, anauawa pangoni, na kwamba mwandishi anamfanya yeye mwenyewe akubali kuwa penzi lile lisingefaa kudumu. Kifo chake kinamwondolea mwandishi taabu ya kuamua.

Je, msomaji huyu akitupilie mbali kitabu? Wako watakaosema ndiyo, na sababu zao si hafifu. Lakini kukitupa hakumwondolei mtu ile furaha aliyoipata ujanani, wala hakumwelezi ilitoka wapi. Haggard mwenyewe alikitabaruku kitabu chake kwa wavulana, wakubwa kwa wadogo. Tabaruku hiyo yafaa izingatiwe, maana inamwalika mtu mzima asome kama mvulana, yaani asiulize almasi ni za nani. Hapa ndipo lilipo tatizo. Uovu wa kitabu hiki haukai katika ajabu yake. Unakaa katika ombi lake kwamba msomaji asikue.

3. Shaaban Robert na Mijeledi ya Usiku

Shaaban Robert alizaliwa 1909. Kusadikika ilipotoka 1951 alikuwa amevuka arobaini, na Adili na Nduguze ikafuata 1952. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza mkubwa wa nathari ya kubuni katika Kiswahili sanifu hakuandika hadithi za ajabu kwa sababu ya uchanga wa umri. Aliziandika akiwa mtu wa makamo, mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, baba na mtu aliyekwisha kufiwa na mke.

Uhusiano wa Adili na Nduguze na Alfu Lela Ulela umekwisha kuonyeshwa na wahakiki. Mfano wake ni kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye kila usiku huwapiga mbwa wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake waliogeuzwa na jini. Kwa Shaaban Robert, Basra imekuwa Janibu, mbwa wamekuwa nyani, na ndugu wamepewa majina yanayotangaza maradhi yao, Hasidi na Mwivu. Wahakiki wengi wameishia hapo, wakihesabu kilichokopwa na kilichobadilishwa. Lakini yako yenye uzito zaidi.

Katika hekaya ya ujanani ajabu kwa kawaida ni zawadi: pete, taa, zulia, pango. Katika Adili na Nduguze ajabu ni wajibu mzito. Huria amewageuza Hasidi na Mwivu, lakini anayepaswa kushika mjeledi kila usiku ni Adili, aliyetendewa mabaya. Yeye hawezi kuisahau hasira yake wala kuiridhisha. Analazimika kuirudia kila siku kama mtu anayelipa deni la mwingine. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai aliyefika kwa habari za kodi, anapochungulia na kuona mtu mwadilifu akiwachapa wanyama kisha akiwabembeleza, msomaji anaonyeshwa picha ya udugu ambayo riwaya ya kihalisi ingehitaji sura nyingi kuieleza. Hapo ajabu haimwondoi msomaji katika maisha ya watu wazima, bali humwingiza ndani yake kwa mlango wa pembeni.

Kusadikika nayo, nchi iliyo angani, inaanza kwa ajabu tupu na kuishia mahakamani. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kulipwa mateso. Umbo la safari hizo ni lile lile la bunilizi za kisayansi: msafiri anafika katika ulimwengu mwingine, anaona taratibu zake, anarudi nyumbani kutoa taarifa. Tofauti ni kwamba kwa Shaaban Robert hatari kubwa haiko safarini. Iko nyumbani, siku ya kurudi.

4. Kuuaibikia Utoto

Baada ya Shaaban Robert riwaya ya Kiswahili ilipita katika kipindi kinachofanana na ujana wa binadamu, ule umri ambao mtu huona haya kuonekana na vitu vyake vya utotoni. Mfano huu usivutwe kupita kiasi, kwa kuwa fasihi haina umri kama mtu; lakini unasaidia kueleza jambo lililotokea kwelikweli.

Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni mfano mzuri. Maiti inaonekana mahali panapoogopwa kuwa pa mzimu, na watu wako tayari kuamini lolote. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza, anapima, na mwishowe inadhihirika kwamba aliyeua ni mtu na sababu zake ni za kibinadamu. Kisima cha Giningi (1968) inachukua jina linalotisha katika imani za Unguja na kulitia katika uchunguzi wa namna hiyo hiyo. Msomaji anapewa raha ya mambo mawili: kwanza kuogopa, halafu kuonyeshwa kwamba hapakuwa na la kuogopwa. Mzimu umetumiwa, kisha umefukuzwa.

Kilichoanzwa na upelelezi kilikamilishwa na uhalisia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na katika mijadala ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mwandishi alidaiwa aonyeshe jamii, matabaka na migongano yake. Dai hilo lilizaa matunda. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Said Ahmed Mohamed alitoa Asali Chungu (1977), kisha Dunia Mti Mkavu na Utengano (zote 1980). Hakuna anayeweza kusema kwamba kazi hizo zilikuwa kosa. Lakini uhakiki uliofuatana nazo ulikuwa na mazoea ya kuipeleka ajabu mahali pawili: kwenye somo la fasihi simulizi, ambako huhifadhiwa kama mali ya wazee, au kwenye vitabu vya watoto. Hapakuachwa mahali pa msomaji mtu mzima aliyetaka kusoma juu ya jini bila kuomba radhi.

5. Marejeo

Ndipo ikatokea kwamba waandishi wale wale waliouongoza uhalisia wakauacha. Kezilahabi, aliyezaliwa 1944, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katama Mkangi, aliyekuwa ametoa Ukiwa (1975) na Mafuta (1984), alitoa Walenisi mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa 1947, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Wote walikuwa watu wa makamo.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba waandishi hawa waliathiriwa na usasabaadaye na uhalisiamazingaombwe wa Amerika ya Kusini. Hilo halikanushiki kwa jumla. Kezilahabi alisomea shahada yake ya uzamifu Wisconsin, na falsafa ya Ulaya imo wazi katika kazi hizi. Lakini maelezo hayo yana kasoro ya kumfanya mwandishi aonekane kama mtu aliyeona ajabu kwa mara ya kwanza ugenini. Yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya kwenda huko, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kezilahabi alikuwa ameandika tasnifu ya uzamili juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Aliijua njia ya Kusadikika kabla ya kuijua ya nchi za mbali. Kilichotoka ng'ambo huenda kilikuwa ruhusa tu. Mali yenyewe ilikuwa nyumbani.

Mzingile ndiyo inayodhihirisha jambo hili zaidi. Inafungua kwa kuzaliwa kwa Kakulu, kiumbe asiye wa kawaida, kwa namna ambayo kila aliyelelewa kwa ngano ataitambua mara moja. Lakini ngano hiyo haiishii kwa shujaa kuliua zimwi na kupewa nusu ya ufalme. Inapitia katika mlipuko unaouteketeza ulimwengu, na baada yake wanabaki watu wachache wanaopaswa kuanza tena. Hapa ngano ya Ukerewe na hofu ya silaha za nyuklia zimekutana bila kuhitaji mkalimani. Mtoto huisikia ngano akijua kwamba kesho kutakucha. Msomaji wa Mzingile hana ahadi hiyo.

Nagona haifaulu kwa kiwango hicho. Safari ya msimulizi, mji wenye kimya, paa asiyeshikika na ngoma inayosubiriwa ni mambo yenye nguvu za ngano. Lakini kila yanapotokea majina ya wanafalsafa wa Ulaya, ajabu inapungua na kuwa fumbo la mtihani, na msomaji asiyewasoma wanafalsafa hao huachwa nje ya mlango. Ngano ya kweli haimfanyii msikilizaji wake hivyo. Hata asiyeelewa maana yake huondoka na kisa.

Walenisi inastahili kutazamwa kwa uangalifu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na bunilizi za kisayansi. Dzombo anatiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa njia ya kumwua. Anafaulu kukiongoza na kufika Walenisi, nchi ambayo jina lake, likikatwa vizuri, linasomeka "wale ni sisi". Ufunguzi wake unasisimua kama kisa chochote kinachopendwa na vijana. Tena si mchezo: Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, na mtu aliyepitia hayo hahitaji kubuni hisia za aliyefungiwa ndani ya chombo asichokiongoza. Hata hivyo, baada ya kutua, riwaya inageuka kuwa darasa. Dzombo anaonyeshwa jamii iliyo sawa na kuelezwa ubora wake, naye anauliza maswali ambayo majibu yake yako tayari. Ajabu imerudi kuwa zawadi, kama pango la almasi, isipokuwa hazina sasa ni haki na usawa. Ni hazina bora bila shaka, lakini Dzombo anaikuta imekwisha kuchimbwa. Tukilinganisha na Kusadikika, wajumbe wa Shaaban Robert walilipia kila neno walilolileta.

Babu Alipofufuka inaonyesha jinsi marejeo yanavyoweza kufaulu. K ni mtu mkubwa aliyeshiba, asiyetaka kukumbuka alikotoka. Babu yake aliyekufa anamjia na kumchukua katika safari ya kuyaona maisha ya watu anaowatawala. Riwaya hii ikisomwa kando ya Mzimu wa Watu wa Kale, mwendo mzima wa riwaya ya Kiswahili unaonekana. Mwaka 1960 mwandishi wa Zanzibar aliwahakikishia wasomaji kwamba wafu hawatendi kitu, na kwamba haki itapatikana kwa akili ya mpelelezi. Mwaka 2001 mwandishi mwingine wa Zanzibar alimfufua mfu, kwa sababu kati ya walio hai hakuonekana tena wa kumwuliza mkubwa maswali. Huku si kurudi kwenye ushirikina. Mzimu wa Said Ahmed Mohamed hautaki kafara wala hauogopeshi watoto, unadai hesabu. Na anayedaiwa ni mtu wa makamo, aliyesahau kwamba aliwahi kuwa mjukuu.

6. Mtoto Asiyekua

Kazi moja zaidi inafaa kutajwa, kwa kuwa inaligeuza swali upande wa pili. Katika Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila, mhusika mkuu anazunguka katika kijiji kiitwacho ulimwengu akimtafuta P.P., kiumbe ambaye nyayo zake ni uharibifu na kicheko. Herufi hizo ni za Peter Pan, yule mtoto wa J. M. Barrie aliyepanda jukwaani London mwaka 1904 na kukataa kukua milele.

Uteuzi huu una maana kubwa. Watoto wengi wa Uingereza na Marekani wamempenda Peter Pan, na wazee wao humkumbuka kwa huzuni tamu. Wamitila anamtazama kutoka upande wa wale wanaoishi katika kisiwa anachokuja kuchezea. Kutoka hapo, mtoto asiyekua, mwenye nguvu za kuruka na asiyekumbuka alichokivunja jana, si kitu cha kupendeza. Ni yule yule mvulana mkubwa ambaye Haggard alimtabarukia kitabu. Hivyo Bina-Adamu! inamwonya msomaji wa makamo anayezirudia hadithi za ujanani wake: kuna kurudi kunakoleta umri pamoja nako, na kuna kurudi kunakotaka umri ufutwe.

7. Hitimisho

Kipimo kilichotafutwa mwanzoni sasa kinaweza kutajwa. Hadithi ya ajabu inayorudiwa na mtu wa makamo, awe mwandishi au msomaji, haipimwi kwa kuuliza kama ni ya kweli, wala kama inaonyesha matabaka, wala kama mbinu zake ni mpya. Inapimwa kwa kuuliza ajabu yake inamdai nani, na inamdai nini. Adili anadaiwa mkono wake kila usiku. K anadaiwa kumbukumbu. Waliobaki katika Mzingile wanadaiwa ulimwengu mzima. Pale ajabu isipodai kitu, kama katika mashimo ya Haggard na, kwa nia njema zaidi, katika sehemu kubwa ya Walenisi, msomaji mtu mzima hufunga kitabu akiwa na furaha ile ile ya zamani, au akiwa na somo, lakini hajaguswa.

Jambo hili linawahusu pia walimu wa fasihi. Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu akiwa bado anapenda majini na vyombo vya angani hujifunza upesi kuyaficha mapenzi hayo, kwa kuwa orodha za vitabu na maswali ya mitihani humwambia kwamba hayana heshima. Baada ya miaka mitatu anaweza kueleza usasabaadaye wa Nagona kwa kurasa kumi, asiweze kusema ni ngano gani ya nyanyake iliyomwezesha kuifuata. Kezilahabi alifariki 2020, na Mkangi alimtangulia 2004. Kazi zao zitaendelea kuitwa ngumu maadamu zinafundishwa kama zilizotoka mbali. Huenda ugumu huo ukapungua siku mwalimu atakapoanza somo kwa kuwauliza wanafunzi wake, na kujiuliza mwenyewe, walipenda kusoma nini walipokuwa na miaka kumi na minne, na kwa nini waliacha.